Kuonyesha uchi hadharani: sheria ya Uganda inasema nini, na maneno yako yanafikaje kituoni

Katika Kanuni ya Adhabu ya Uganda hakuna kosa lenye jina moja la "kuonyesha uchi". Mwanamke wa Nakivale au wa Mbarara anayekwenda kituo cha polisi kueleza kwamba mwanamume alifungua suruali mbele yake njiani huenda akadhani kwamba afisa atafungua kitabu, atafika kwenye ukurasa unaohusika na kuandika shtaka. Mambo hayaendi hivyo. Tendo hilo moja linaweza kuingizwa katika vifungu kadhaa vyenye uzito tofauti, na mara nyingi kinachoamua ni maneno yaliyomo katika maelezo ya mlalamikaji. Kwa wengi wa wasikilizaji wetu, maneno hayo husemwa kwa Kiswahili na kuandikwa kwa Kiingereza. Katika safari hiyo fupi, kutoka mdomoni hadi kwenye karatasi, shauri linaweza kupotea kabla hata mtuhumiwa hajatafutwa.

Makala haya yanaeleza sheria ilivyo, ilikotoka, ni nani anayehusika nayo na ni nani asiyehusika nayo, na namna ya kupeleka malalamiko kutoka makazi ya Nakivale, wilayani Isingiro, hadi kwa mwendesha mashtaka.

Kifungu kinachomlinda mwanamke

Kifungu kinacholikaribia zaidi jambo hili kimo ndani ya sehemu inayohusu shambulio la aibu. Katika toleo la zamani la Kanuni ya Adhabu kilikuwa kifungu cha 128, kijifungu cha 3. Kinamlenga mtu ambaye, akikusudia kudhalilisha staha ya mwanamke au msichana, anatamka neno, anatoa sauti, anafanya ishara au anaonyesha kitu, kwa nia kwamba mwanamke huyo asikie au aone. Au mtu anayeingilia faragha yake. Ni kosa dogo la jinai, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha mwaka mmoja.

Tahadhari kuhusu namba: toleo jipya la sheria za Uganda lilianza kutumika tarehe 1 Julai 2024, na vifungu vingi vimepewa namba nyingine. Hata sura imebadilika. Kanuni ya Adhabu iliyokuwa Sura ya 120 sasa ni Sura ya 128, kwa hiyo anayesema "128" leo anaweza kueleweka kuwa anataja sheria nzima. Ukifika kituoni, eleza tendo na uache namba kwa wenye vitabu.

Wanasheria watalitambua umbo la kifungu hiki. Lilitungwa kwa ajili ya India, katika Kanuni ya Adhabu ya mwaka 1860, kifungu cha 509, na Waingereza wakalisambaza katika makoloni yao hadi Afrika Mashariki. Kwao Uingereza kwenyewe, mwanamume aliyejianika mbele ya mwanamke alishughulikiwa kwa Sheria ya Uzururaji ya mwaka 1824, iliyomweka katika fungu moja na ombaomba na watu wasio na makao. Ilichukua hadi mwaka 2003 kwa Uingereza kuandika kosa linalojitegemea la kuonyesha viungo vya siri, lenye adhabu inayofika miaka 2.

Wasikilizaji waliotoka Kongo wamezoea fikra nyingine. Sheria ya Kongo, iliyorithi mkondo wa Ubelgiji, hutazama maadili ya umma: kilichojeruhiwa ni haya ya watu wote waliokuwapo au ambao wangeweza kuwapo. Kifungu cha Uganda tulichokitaja humtazama mtu mmoja, yaani mwanamke aliyekusudiwa aone. Tofauti hiyo ina maana kubwa wakati wa kutoa maelezo. Anayesema tu kwamba "alifanya mambo ya aibu barabarani" ameeleza aibu ya barabara. Anayesema kwamba "alisimama mbele yangu, akaniita nitazame, akaonyesha uume wake" ameeleza kosa alilotendewa yeye.

Upungufu wa kifungu hiki unaonekana kwa macho. Kinamtaja mwanamke na msichana tu. Mvulana wa miaka 10 aliyefanyiwa tendo lile lile hamo ndani yake. Kwa mvulana aliyeguswa kipo kifungu kingine, cha shambulio la aibu dhidi ya wavulana walio chini ya miaka 18, ambacho ni kosa kubwa la jinai. Kwa aliyeonyeshwa tu bila kuguswa, polisi hulazimika kutafuta njia nyingine, ikiwemo Sheria ya Watoto iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2016, ambayo inampa kila mtoto haki ya kulindwa dhidi ya unyanyasaji wa kingono. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha muswada wa makosa ya kingono uliokusudia kuweka makosa haya mahali pamoja kwa lugha ya kisasa. Rais hakuutia saini.

Kero kwa umma, na uzembe

Pale nia dhidi ya mwanamke fulani isipoonekana, polisi wa Uganda kwa kawaida hugeukia kosa la kuleta kero kwa umma, ambalo nalo adhabu yake hufika mwaka mmoja. Ndilo shtaka walilosomewa wanawake watatu wanaharakati walioandamana nusu uchi jijini Kampala mwanzoni mwa Septemba 2024 kupinga ufisadi. Kwa miaka mingi vilevile vilitumika vifungu vya kikoloni vya "wazembe na wakorofi" na "wazururaji", ambavyo miongoni mwa mambo mengi vinataja kufanya tendo la aibu hadharani.

Vifungu hivyo vimewasumbua maskini kuliko walivyowasumbua wakosaji. Tarehe 2 Desemba 2022 Mahakama ya Katiba ilibatilisha sehemu mbili za kifungu cha wazururaji, ikiona kwamba zilikuwa na maneno mapana mno kiasi cha mtu kukamatwa kwa sura yake tu. Kijana mkimbizi aliyeshuka kwenye basi mjini Mbarara bila kazi na bila mtu wa kumjua anaelewa uzito wa hukumu hiyo.

Uchi usio kosa

Si kila mwili unaoonekana ni wa mkosaji. Katika vijiji vya Nakivale, kuanzia Base Camp hadi Juru na Rubondo, familia nyingi huoga ndani ya vibanda vya turubai na miti, na upepo haujui mpaka. Anayeoga na kuonekana hajakusudia kumdhalilisha mtu. Anayesimama nyuma ya turubai hilo kuchungulia ndiye aliye karibu zaidi na kifungu tulichokieleza, kwa sababu kinataja pia kuingilia faragha ya mwanamke.

Nguo fupi nazo si uchi. Mwezi Februari 2014, mara baada ya Sheria ya Kupinga Ponografia kutiwa saini na kupewa mitaani jina la "sheria ya sketi fupi", wanawake walishambuliwa na kuvuliwa nguo na makundi ya wanaume katika miji ya Uganda, na wengine wakaandamana Kampala mwezi huo huo kupinga. Sheria yenyewe haikuwa imempa mtu yeyote wa mtaani ruhusa ya kumgusa mwanamke. Tarehe 13 Agosti 2021 Mahakama ya Katiba ilibatilisha vifungu vyake vikuu, pamoja na tafsiri yake pana ya neno "ponografia". Anayemvua mwanamke nguo kwa nguvu anaweza kushtakiwa kwa shambulio la aibu, ambalo adhabu yake kwa mujibu wa Kanuni ya Adhabu hufika miaka 14. Kenya, baada ya wanawake kuvuliwa nguo Nairobi mwaka 2014 na maelfu kuandamana wakidai haki ya kuvaa watakavyo, iliongeza kosa mahususi la kumvua mtu nguo, lenye kifungo kisichopungua miaka 10.

Lipo pia lile vazi la mwisho la mzee wa kike aliyekata tamaa. Katika jamii nyingi za eneo letu, mama mtu mzima anapojivua nguo mbele ya wenye mamlaka, hakusudii kumvutia wala kumdhalilisha yeyote kingono. Analaani. Wanawake wa Kiacholi walifanya hivyo mbele ya mawaziri kule Apaa mwaka 2015 katika mgogoro wa ardhi. Mwandishi wa habari anayeliweka tendo hilo chini ya kichwa kimoja na mwanamume anayewavizia wanafunzi wa kike njiani ameshindwa kazi yake, na nasema hivyo nikijua jinsi vichwa vya habari vinavyoandikwa kwa haraka.

Na yupo mgonjwa. Mtu anayetembea uchi sokoni akizungumza peke yake anahitaji nguo, ulinzi na daktari. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2018 ilichukua nafasi ya sheria ya enzi za ukoloni na kuitazama hali hiyo kama suala la tiba. Kwa wakazi wa kusini-magharibi, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mbarara ina wodi ya magonjwa ya akili. Kumpiga mawe, kumfunga kamba au kumpiga picha na kuzisambaza ni makosa ya hao wanaofanya hivyo.

Anayefanya hivyo kwa kusudi

Daktari wa Kifaransa Charles Lasègue aliwaandika wanaume wa aina hii kama kundi la pekee mwaka 1877. Leo uainishaji wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, toleo la 11, lililoanza kutumika mwaka 2022, unautaja ugonjwa wa mtu ambaye kwa muda mrefu hupata ashiki kwa kuonyesha viungo vyake kwa watu wasiotarajia wala kukubali. Si kila anayetenda kosa hili ana ugonjwa huo. Wengine ni walevi, wengine hutishia, wengine ni vijana wanaotaka kuchekwa na wenzao. Kuwa na ugonjwa huo pia hakumwondolei mtu hatia. Anajua anachofanya, na ndiyo maana huchagua njia isiyo na watu na mtoto aliye peke yake.

Jambo ambalo polisi wa nchi nyingi wamejifunza kwa gharama ni kutolicheka. Uingereza, mwezi Machi 2021, askari wa polisi wa London aitwaye Wayne Couzens alimteka, akambaka na kumuua Sarah Everard. Baadaye ilibainika kwamba wiki chache kabla ya mauaji alikuwa amejianika mbele ya wafanyakazi wa mgahawa katika jimbo la Kent, na kwamba taarifa ilikuwa imekwishafika polisi. Machi 2023 aliongezewa kifungo cha miezi 19 kwa makosa hayo ya kujianika, na uchunguzi wa umma ulioongozwa na Elish Angiolini, ambao ripoti yake ilitolewa Februari 2024, ulieleza jinsi nafasi za kumzuia zilivyopotezwa kwa miaka. Ni sehemu ndogo tu ya wanaojianika ambao huendelea hadi kwenye ukatili wa kugusa. Ila mtu anayepokea malalamiko mezani hawezi kujua, kwa kumtazama mlalamikaji, ni yupi kati yao anayezungumziwa.

Maneno ya kusema

Hapa niruhusiwe kukaa kidogo, kwa kuwa ndiyo kazi yangu ya kila siku.

Kiswahili kina heshima, na heshima yake inakuwa mtego kituoni. Msichana aliyefundishwa vizuri nyumbani atamwambia mzee mwenyekiti: "Baba, yule mtu alinikosea adabu." Mama yake ataongeza: "Alimsumbua mtoto." Kila mswahili aliyepo atafahamu. Lakini afisa anayetafsiri kwa Kiingereza ataandika kwamba mtoto alikosewa heshima na kusumbuliwa, na mwendesha mashtaka atakayesoma karatasi hiyo atajiuliza kosa liko wapi. "Alinifanyia ubaya" inaweza kuwa kipigo. "Alinidhalilisha" inaweza kuwa tusi. Mimi mwenyewe nimewahi kuandika "alidhalilishwa" katika habari ambapo chanzo kilieleza tendo mahususi kabisa, nikidhani nawahifadhi wasikilizaji. Nilichohifadhi ni siri ya mtuhumiwa.

Lugha zetu pia hazifanani. Msemaji wa Kiswahili cha Bukavu au Uvira akisema "alitosha suruali" anamaanisha aliivua. Afisa aliyejifunza Kiswahili katika jeshi la polisi la Uganda, au aliyekulia upande wa pwani, anaweza kusikia kwamba suruali ilimtosha mtu. Sema "alivua" au "alishusha". Taja kiungo kwa jina lake: uume, matiti, makalio. Maneno "sehemu za siri" yanakubalika, ila hayasemi ni sehemu ipi. Eleza mahali, saa, umbali kati yenu, alivyovaa, alichosema, kama alikuita au alikufuata, kama alijishika, kama mlikuwa wawili au wengi. Kuita na kufuata ndivyo vinavyoonyesha nia, na nia ndiyo nguzo ya kosa.

Lugha ya mahakama ni Kiingereza. Katiba inakitambua Kiswahili kama lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya mwaka 2005, kwa matumizi yatakayowekwa na Bunge, lakini usitegemee kwamba hakimu wa Isingiro au Mbarara ataendesha shauri kwa Kiswahili. Omba usomewe maelezo yako kwa lugha unayoielewa kabla ya kutia saini au kidole gumba. Ukisikia neno lisilo lako, omba lirekebishwe hapo hapo. Anayetafsiri asiwe ndugu wa mtuhumiwa, na kwa mtoto, asiwe jirani atakayelisimulia jambo hilo bombani kesho yake.

Pa kwenda

Nakivale, iliyofunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa wakimbizi wa Kinyarwanda, leo ina watu kutoka Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda, Ethiopia na Eritrea. Kwa desturi, jambo linaanzia kwa viongozi wa Kamati ya Ustawi wa Wakimbizi, RWC, na kwa wenyeji linaanzia kwa mwenyekiti wa LC1. Ni watu wanaojulikana, wako karibu, na mara nyingi ndio wanaojua nani ni nani. Kuwaeleza ni sawa, na wanaweza kukusindikiza. Lakini RWC si mahakama, na mahakama za mabaraza ya mitaa hazina mamlaka juu ya makosa ya kingono. Kikao kinachomtoza mwanamume faini ya mbuzi au shilingi kadhaa na kuwapatanisha watu kimefanya jambo ambalo sheria haikukipa uwezo wa kulifanya. Fedha hiyo haimzuii mlalamikaji kwenda polisi baadaye.

Polisi wana kitengo cha ulinzi wa mtoto na familia, na unaweza kuomba kuzungumza na afisa wa kike. Kufungua jalada hakulipiwi. Ikiwa hakuna aliyeguswa, hakuna haja ya fomu ya uchunguzi wa kitabibu ya PF3A. Ikiwa aliguswa, omba fomu hiyo siku hiyo hiyo na uende kituo cha afya kabla ya kuoga au kufua nguo. Usikatishwe tamaa na anayekuambia kwamba bila shahidi hakuna kesi. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 mahakama za Uganda zimeikataa kanuni ya zamani iliyodai ushahidi wa mwanamke katika makosa ya kingono uthibitishwe na mwingine kwa sababu tu yeye ni mwanamke. Ushahidi wake hupimwa kama wa mtu mwingine yeyote.

Simu za bure zinazofaa kukumbukwa ni 999 ya polisi, 116 kwa masuala ya watoto, na 0800 323232 ya UNHCR kwa wakimbizi, ambapo Kiswahili kinasikika. Ofisi ya Waziri Mkuu, OPM, ina maafisa ndani ya makazi. Refugee Law Project, taasisi ya msaada wa kisheria iliyoanzishwa mwaka 1999 chini ya Chuo Kikuu cha Makerere, ina ofisi Mbarara. Kulalamika hakugusi hadhi yako ya ukimbizi wala mgao wako. Haki ya kufika mahakamani imo katika Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, ibara ya 16.

Picha za uchi zinazotumwa kwa simu zina njia yake. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011 inalo kosa la unyanyasaji mtandaoni, linalohusu pia maombi na mapendekezo ya aibu. Adhabu yake ni faini isiyozidi pointi 72 za fedha, yaani shilingi 1,440,000, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Usiifute picha kwa hasira, na usiitume kwa kundi la WhatsApp kumwaibisha mtumaji. Ihifadhi na uipeleke kituoni na simu yenyewe. Ikiwa aliye pichani ni mtoto, usiisambaze kwa yeyote hata kwa nia njema, maana kuisambaza ni kosa kubwa zaidi.

Ukitajwa wewe

Wapo wanaotajwa kwa makosa, kwa ugomvi wa shamba au wa kabila, au kwa sababu walikuwa wakijisaidia kichakani mahali pasipo na choo. Ibara ya 23 ya Katiba inataka mtu anayekamatwa aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, na afikishwe mahakamani ndani ya saa 48 kama hajaachiliwa. Ibara ya 28 inamhesabu kuwa hana hatia hadi itakapothibitishwa, na inampa mkalimani mahakamani bila yeye kulipa. Hakimu asipouliza, inua mkono na useme kwamba hufuati lugha inayotumika. Dhamana ya polisi ni bure. Mtu akiiombea fedha, omba akuandikie risiti.